Ulisema Nawe Unaumwa

Mwalimu Lugano,

Nakuandikia nikiwa barazani, mgongo umeegemea ukuta na miguu nimeinyoosha kama ulivyonielekeza. Kalamu naishika kwa shida kidogo leo. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu ndivyo tulivyozoeana, mimi na wewe: kabla ya habari nyingine yoyote, nieleze mwili umeamkaje. Umeamka vibaya. Mabega, kiuno, viganja, na ule uchovu wa mtu aliyelima usiku kucha wakati alikuwa amelala. Zamani ningeyasema haya upande wa pili wa kaseti na kukutumia. Sasa hakuna mtu Mbeya wa kuisikiliza.

Nilikuwa nimeapa kwamba sitakusemesha tena. Nimekaa na kiapo hicho msimu mzima. Lakini kuna mambo yametokea baada ya wewe kuzikwa, na mtu pekee ninayetaka kumwambia ni wewe, na wewe ndiye uliyeyasababisha. Sijui mtu afanye nini na jambo kama hilo. Mimi nimechukua karatasi.

Unakumbuka nilivyofika kwako. Nilikuwa nimezunguka sana. Hapa wilayani walinipima damu, wakanipiga picha ya mgongo, wakanipa dawa za malaria mpaka masikio yakawa yanavuma. Kila jibu lilirudi likisema sina kitu. Mume wangu, Baba Atupele, alikuwa anakaa pembeni yangu akilisikia neno hilo, "hana kitu", na nilikuwa nauona uso wake unavyobadilika safari hadi safari. Mwanzoni alikuwa anamshukuru Mungu. Baadaye akawa ananitazama. Mama yake, ambaye tunaishi naye, hakutazama tu, alisema. Alisema wanawake wa enzi zake walikuwa wanajifungua na kurudi kupalilia mpunga, sasa huyu wa siku hizi anaumwa na nini, mbona kula anakula.

Kule Mbeya daktari mmoja aliyesoma nje alinibonyeza mwili mzima, polepole, nikaruka kila alipogusa. Akaniambia ugonjwa huu una jina. Jina refu la kizungu, faibromaialjia. Akasema hauonekani kwenye damu wala kwenye picha, ila upo. Nililirudia jina lile njia nzima ya ukumbini kama mtu anayekariri namba ya nyumba, mpaka nikafika kwenye chumba chako cha mazoezi ya viungo, chenye mikeka sakafuni na baiskeli isiyokwenda popote.

"Mugonile, mama," ukanisalimia.

Nilitoka Busale nikiwa nimejiandaa kwa Kiswahili cha hospitali, kile cha "vua, lala, geuka". Kusikia mtu wa koti jeupe ananiamkia kwa Kinyakyusa, tena chenye lafudhi ya watu wa ziwani, kulinivunja. Nililia kabla hujanigusa. Wewe ukasogeza kiti ukangoja. Hukuniambia ninyamaze.

Ulinifundisha pale siku chache, halafu ukaniambia ukweli kuhusu safari: nauli itanimaliza kabla ya ugonjwa. Ukaniuliza kama nyumbani kuna redio ya kaseti. Ilikuwepo. Baba Atupele alikuwa ameinunua Bondeni, pale mjini kwetu, baada ya wanunuzi binafsi kuanza kuingia vijijini wakigombania kokoa yetu. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na foleni za sabuni yalikuwa yamejaa redio mpaka nje, unachagua rangi. Alikuwa anaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa.

"Basi," ulisema, "mimi nitakuja kwa hiyo."

Na ukaja. Kondakta wa basi akawa tarishi wetu. Kaseti inashuka imefungwa kwenye gazeti, inaachwa Bondeni kwenye duka la Mama Sekela, yule anayeuza vitenge na betri kutoka Malawi, nami naichukua siku ya kwenda mjini. Upande wa kwanza ulikuwa wako. Upande wa pili wangu: nimelalaje, nimefanya nini, nimeacha nini, wapi palichoma. Unasikiliza, unanirekebisha kwenye kaseti inayofuata. "Mama Atupele, nimekusikia unahema ukipandisha mkono. Umepandisha mno. Ishia begani." Nilikuwa nashangaa. Mtu yuko Mbeya anaona mkono wangu kwa kusikia pumzi yangu.

Betri zikichoka sauti yako ilikuwa inavutika, inakuwa nzito kama ya mzee aliyelewa, na mkono uliotakiwa kushuka kwa pumzi moja unabaki hewani. Atupele alikuwa anazianika juani zipate nguvu kidogo. Nyumba nzima ilikuwa inajua muda wako. Hata kuku, ukisema "haya, tulale chali", walikuwa wanatoka wenyewe sebuleni.

Ulinifundisha na habari za maumivu yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Ulisema maumivu yangu ni ya kweli, lakini hayamaanishi kwamba mwili unavunjika. Ulisema mwili wangu una mbwa mlinzi aliyewahi kuona wezi wengi, sasa anabweka hata upepo ukitikisa migomba. Huwezi kumpiga mbwa huyo akanyamaza. Unamzoesha. Unapita mbele yake kila siku, kidogo kidogo, mpaka ajue kwamba kupita kwako si wizi. Ulisema siku ya hatari ni ile ninayoamka vizuri, maana nitataka kupalilia shamba zima na kesho yake nisiinuke. Yote hayo nimeyapima kwa mwili wangu, Mwalimu. Yote ni kweli. Ndiyo maana lile moja linaniuma hivi.

Ilikuwa kaseti ya pili. Ulikuwa umemaliza kueleza namna ya kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, ukanyamaza, nikadhani utepe umekwama. Halafu ukasema kwa sauti ya chini:

"Mama Atupele, nikwambie jambo ambalo siwaambii wagonjwa wengi. Huu ugonjwa ninao na mimi. Leo nimeamka mabega yanawaka. Kwa hiyo nikikwambia simama, ujue na mimi nasimama. Haya, twende."

Nikasikia kiti kikisogea. Nikakusikia ukiguna. Mguno mrefu, unaoanzia chini kifuani na kuishia puani, wa mtu anayejilazimisha asilie. Nikasimama. Nakwambia nilisimama siku ile kama vile tumeshikana mikono.

Nilimwita Baba Atupele nikampigia kipande kile. Alikisikiliza, akarudisha utepe, akakisikiliza tena. Akakaa chini.

"Kumbe na mwanamume anaumwa hivi," alisema.

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ilibadilika. Mama yake alipoanza tena habari za wanawake wa zamani, alimkatiza kwa heshima: "Mama, hata mtaalamu wa hospitali ana ugonjwa huu. Mwacheni." Na mama akamwacha. Mume wangu akawa anachota maji ya jioni bila kuambiwa. Watu wakiuliza mke wako ana nini, alikuwa anajibu kwa kujiamini, analitaja na jina lile refu, anamalizia na wewe: yuko mtu mkubwa Mbeya, anaumwa vilevile, na anafanya kazi. Jina lako lilikuwa uzio wa nyumba yangu. Wanawake wawili wa jirani wenye maumivu yao wakawa wanakuja kusikiliza, tunaguna pamoja nawe tukiinuka. Nikaanza kupalilia kipande kidogo, napumzika, naendelea. Nikaweza kumsuka Atupele nywele mpaka mwisho bila kuita mtu anisaidie.

Habari za kifo chako aliniletea Mama Sekela mwenyewe, kwa miguu, kutoka Bondeni. Nilipomwona anaingia uani bila kifurushi mkononi nilijua. Alisema ulikuwa unashuka likizo, gari likakosa breki kwenye mteremko. Nilimuuliza kama uliumia sana kabla ya kufa. Swali la kijinga, lakini ndilo lililonijia. Nilikuwa nafikiria mabega yako.

Tulikuja kukuzika, mimi na Baba Atupele, mpaka kwenu Lyulilo, kando ya ziwa. Tulifika watu wamejaa, wa hospitali wamekuja na gari lao, kwaya inaimba, wanawake wa ukoo wako wamekaa chini karibu na vyungu vilivyokuwa bado havijachomwa. Mchungaji alipouliza kama yupo mwenye neno, niliinuka. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi namna ile. Nilisema wewe ulikuwa mwalimu wangu kwa njia ya kaseti. Nilisema umenirudishia mikono. Halafu nikasema kile nilichoona ndicho kikubwa kuliko vyote: kwamba uliyafanya yote hayo ukiwa mwenyewe unaumwa ugonjwa huohuo, kila siku, kimya, na wengi hapa labda hawajui.

Watu waligeukiana. Nikadhani wameguswa.

Dada yako Eliza akainuka kwenye mkeka. Alikuja karibu yangu, akanishika mkono, akasema taratibu, lakini palikuwa kimya na kila mtu alisikia:

"Samahani, mama yangu. Kaka aliumwa nini?"

Nikamtajia jina lile refu.

"Labda umechanganya mtu," alisema. "Kaka yangu hajawahi kuumwa. Juzi tu alikuwa uwanjani anacheza mpira na vijana wa hospitali."

Mmoja wa wenzako wa kazini akaitikia kwa kichwa, na mahali fulani nyuma mtu alicheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachotoka bila mwenyewe kutaka. Nikakaa. Sikumtazama mume wangu. Nilitazama mikono yangu mpaka walipomaliza kukufunika.

Tulipanda gari mpaka Ipinda, tukashuka, tukaanza kutembea. Tulipokaribia nyumbani ndipo mume wangu alipofungua mdomo.

"Kwa hiyo hata yeye alikuwa mzima."

Mwalimu, wewe ulikuwa mtu wa kusikiliza. Lisikilize hilo neno "hata". Nimelala nalo miezi yote hii.

Mama mkwe aliambiwa, sijui na nani, na hakugomba. Alisema "nilijua" mara moja tu, akaendelea kuchambua mchele. Ingekuwa afadhali angegomba. Baba Atupele akaacha kuchota maji. Hakunipiga, hakunitukana, sitaki umfikirie hivyo. Aliacha tu kuniuliza nimeamkaje. Redio ilirudi juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa chake. Shangazi yake alikuja siku moja, wakakaa chini ya paa la kukaushia kokoa wakiongea, nami nikipita wananyamaza. Nilisikia kipande tu: kwamba mume wangu bado ni kijana, na shamba ni kubwa. Unajua maana yake. Mtu wa kwetu hahitaji kutafsiriwa hilo.

Na mimi niliacha mazoezi. Nilisema kama hili alidanganya, basi na mengine alidanganya. Mbwa, upepo, pumzi, kidogo kidogo, yote ni maneno ya mtu mzima anayejifurahisha kwa kuchezea wagonjwa. Wanawake wawili wa jirani walikuja nikawaambia betri zimekwisha. Kaseti moja nilimpa mjomba wa Atupele aitumie kurekodia kwaya ya usharika wao. Leo ukiipiga, katikati ya wimbo mmoja na mwingine unasikika ukisema "pumua", halafu waimbaji wa sauti ya kwanza wanaingia.

Mwili haukukawia. Usingizi uliondoka kwanza. Halafu shingo. Ikafika mahali siwezi kushika kitana, Atupele akawa anakwenda shule na mabutu aliyojifunga mwenyewe, yamepinda. Nikilala kitandani nilikuwa nairudia ile kaseti ya pili kichwani, naipeleka mbele na nyuma, na kila mara nafika kwenye mguno. Uongo wa maneno ningeuelewa. Daktari anaweza kuteleza akasema neno la kumpa mgonjwa moyo. Lakini wewe uliguna. Ulikaa peke yako kwenye chumba kile, ukabonyeza kitufe cha kurekodi, ukasogeza kiti, ukaigiza maumivu yangu. Ulikuwa hunioni na mimi sikuoni, na ukaitumia nafasi hiyo. Ningekuwa mbele yako usingethubutu.

Mwisho nikaamua kuzirudisha kaseti kwa wenyewe. Nilisema sitaki kitu chako nyumbani kwangu. Nilizifunga kwenye kanga, nikaenda Lyulilo siku ya soko, safari ya kupumzika kila mahali. Nilimkuta Eliza mchangani anapanga vyungu, mitumbwi inashusha wengine wenye vyungu vyao. Alinitambua mara moja. Nadhani alikuwa ameona aibu kwa ajili yangu tangu siku ile, maana aliacha wateja wake akaja.

"Nimekuletea vitu vya kaka yako," nilimwambia. "Vina sauti yake. Mimi sivihitaji."

Alizipokea kwa mikono miwili. Alikuwa hajasikia sauti yako tangu ufe. Akaomba twende kwenye kibanda cha jirani yake mwenye redio, tusikilize moja tu. Nilitaka kukataa, lakini miguu ilikuwa inahitaji kukaa. Nikamchagulia ile ya pili. Nakiri nilimchagulia kwa hasira. Nilitaka asikie mwenyewe.

Ulizungumza. Eliza alitabasamu ulipomsalimia mgonjwa wako kwa Kinyakyusa. Ukaelekeza habari za kigoda. Ukanyamaza. Ukasema ugonjwa huu ninao na mimi, na Eliza akanitazama kwa masikitiko, kama mtu anayesema, kumbe ni kweli alisema. Kiti kikasogea. Ukaguna.

Eliza akashika mdomo.

"Rudisha," alisema. "Tafadhali, rudisha hapo."

Nikarudisha. Ukaguna tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Huyo ni mama," alisema. "Huyo siyo kaka. Hivyo ndivyo mama yetu alivyokuwa anaguna akiinuka. Hivyo hivyo, mpaka puani."

Ndipo akanieleza. Mama yenu alikuwa mfinyanzi kama wanawake wote wa pale. Alianza kuumwa mwili mzima ninyi mkiwa wadogo. Akashindwa kukanda udongo, akashindwa kubeba chungu. Kuna waliosema amerogwa na kuna waliosema mvivu, na hospitali ikasema hana kitu. Baba yenu akaoa mwingine, akahamia ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Wewe ulikuwa ukitoka shule unamkanda mgongo kwa maji ya moto, na usiku mnalala chumba kimoja mnamsikia anavyogeuka. Alikufa hajapewa hata jina la kilichokuwa kinamuua moyo. Eliza alisema ulikwenda kusomea viungo kwa sababu yake, lakini hukuwahi kumtaja kwa watu. Hata kwa mkeo.

Nililia, Mwalimu. Nakwambia ili ujue kwamba sina moyo wa jiwe. Nililia kwa ajili ya mama yako, mwanamke ambaye sikumwona, aliyepita njia yangu yote bila kaseti hata moja.

Lakini nilipokuwa narudi nyumbani hasira nayo ilirudi, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwa nini hukusema? Ungesema tu, "Mama Atupele, mama yangu aliumwa hivi." Kwangu lingetosha. Ningesimama kwa ajili ya mama yako kama nilivyosimama kwa ajili yako, pengine kwa haraka zaidi. Ulikuwa na ukweli mzima mkononi, ukauficha, ukanipa wa bandia.

Nimeliwaza sana, na nadhani najua. Ulijua kwamba kaseti haisikilizwi na mimi peke yangu. Ulijua nyumba zetu. Ungesema kwenye kaseti kwamba mfinyanzi mmoja wa Lyulilo aliumwa, mume wangu angesema, wamekuwa wawili sasa. Mwanamke mwingine anayelalamika. Lakini akisikia mwanamume, mwenye koti jeupe, mwenye mshahara, anaguna, atakaa chini. Na kweli alikaa chini. Ulipiga hesabu yako sawasawa, na hilo ndilo linalonichoma kuliko uongo wenyewe. Ulimjua mume wangu vizuri hivyo, ukaona jibu ni kuniazima maumivu yako ili yangu yaaminike. Hukufikiria siku utakayoondoka nayo. Mimi na mama yako, wote wawili, hukutuona kama mashahidi wa kutosha wa miili yetu wenyewe. Wewe, katika watu wote.

Eliza alinirudishia kaseti zile, isipokuwa ile ya pili. Alisema angependa kubaki nayo, ndiyo sauti pekee ya mama yake iliyopo. Nikamwachia.

Nilipofika nyumbani Baba Atupele alikuwa anageuza kokoa kwenye mkeka. Sikungoja nipumzike. Nilisimama upande wa pili wa mkeka nikamwambia:

"Mwalimu Lugano hakuwa mgonjwa. Alidanganya, na mimi sikujua. Aliyeumwa ni mama yake. Na mimi naumwa. Sina mtu mwingine wa kumleta hapa anisemee. Ukiniamini, niamini mimi. Usiponiamini, niambie leo, nijue naishi na nani."

Aliendelea kugeuza kokoa. Alifika mwisho wa mkeka, akarudi. Sikutaka kukaa kabla hajajibu.

"Nimekusikia," alisema.

Hilo tu. Sikujua ni jibu au ni kuniondoa. Lakini siku zilizofuata shangazi alikuja tena, na safari hii nilisikia sauti ya mume wangu bila kutega sikio. "Shangazi, habari hiyo tuiache. Mke wangu anaumwa, ameniambia." Hakutaja hospitali, wala jina refu, wala wewe. Ameniambia. Mama yake bado hajakubali na sidhani kama atakubali. Anachambua mchele wake, mimi nachambua wangu.

Nimeanza tena mazoezi. Ulifundisha kwamba mtu akiacha asirudie pale alipoachia, aanze mwanzo, na nimeanza mwanzo, na inaniudhi kwamba hata hapo ulikuwa sahihi. Redio siiwashi sana. Nahesabu pumzi mwenyewe. Wale wawili wa jirani nimewaita, nikawaeleza yote, mmoja akarudi na mmoja hakurudi. Kondakta bado ananiuliza nikimwona stendi kama nina mzigo wa Mbeya. Namwambia hakuna.

Wiki iliyopita yule aliyerudi alimleta binti mmoja aliyeolewa juzi juzi, mkono hauinuki, macho ya mtu asiyelala. Niliwasha moja ya kaseti zako ili asikie habari za yule mbwa, maana sijui kuzieleza vizuri kama wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Na huyu anayeongea, naye anaumwa?"

Ingekuwa rahisi, Mwalimu. Neno moja tu na angesimama. Nilielewa kwa mara ya kwanza jinsi lilivyokutoka.

"Hapana," nilimwambia. "Huyu alikuwa mzima, anafundisha tu. Anayeumwa ni mimi."

Sikuguna. Niliinuka tu, kwa namna ninavyoinuka, na yeye akajaribu.

Sasa mkono umechoka na jua limehama barazani. Nakuaga. Ndaga, asante, kwa mikono yangu, ndaga kwa yote yaliyokuwa kweli, na yalikuwa mengi. Nakuahidi kwamba hakuna mgonjwa atakayepita mlangoni kwangu nikamdanganya ili asimame, hata kama kwa kutodanganywa atabaki amekaa. Na Eliza nitamtembelea, kwa ajili ya mama yenu.

Kwako wewe bado. Siku nitakapokuwa nimekusamehe nitakuja Lyulilo, nitakaa kando ya kaburi lako, nikwambie kwa mdomo wangu mwenyewe. Neno hilo sitalituma kwa mtu, wala sitalirekodi.

Mimi mgonjwa wako,
Mama Atupele
Busale